Bingwa Aondokaye Ulingoni Bila Kushindwa

Mazungumzo ya leo yahusu mchezo wa ngumi, na hasa ngumi za uzito wa juu, yaani za wale wanaume wakubwa ambao pigo lao moja laweza kulimaliza pambano zima. Nataka kulichungua swali moja ambalo huzuka kila mara watu wanapokaa wakizungumza habari za mabingwa: ikiwa bingwa wa uzito wa juu ataamua kustaafu angali hajashindwa hata mara moja, uamuzi huo utalifanyia nini jina lake baada ya yeye kwenda zake? Wapo wasemao kwamba hilo ndilo taji kubwa kupita yote. Wapo wengine wasemao kwamba mtu asiyepata kushindwa bado hajulikani ni mtu wa namna gani. Pande zote mbili zina ushahidi wao, wala ushahidi huo hautoki Marekani peke yake; sehemu yake yatoka Kongo, Uganda na Dar es Salaam, na sehemu nyingine yatoka humu humu mkoani Manyara.

Kwanza yafaa tuelewe maana ya uzito wenyewe. Katika ngumi, wapiganaji hugawanywa kwa kadiri ya uzito wa miili yao, ili mtu mdogo asije akapambanishwa na jitu. Kila daraja lina mpaka wake wa juu, ila daraja la juu kabisa halina mpaka. Siku hizi mtu akizidi ratili 200, yaani kilo 91 hivi, amekwisha ingia uzito wa juu, na yule anayemngoja upande wa pili aweza kuwa na ratili 210 au hata 270. Bingwa wa madaraja ya chini akiona amewamaliza wapinzani wake, aweza kupanda daraja akatafute wengine. Na akishindwa huko, aweza kujitetea kwamba alikwenda mahali pasipo pake. Bingwa wa uzito wa juu hana pa kupanda wala hana pa kujificha. Yeye ni kama fahali mkuu wa zizi, ambaye kila ndume anayekua zizini anakua ili apimane naye siku moja. Wafugaji wa Babati na Hanang hawana haja ya kuelezwa jambo hili zaidi. Ndiyo sababu kuondoka bila kushindwa ni jambo gumu kwa bingwa wa namna hii kuliko kwa mwingine ye yote, na ndiyo sababu watu hulistaajabia sana linapotokea.

Nalo limetokea mara chache mno. Katika orodha yote ya mabingwa wa dunia wa uzito huu, ni mmoja tu aliyeifunga kazi yake akiwa bingwa, bila kushindwa wala kutoka sare katika pambano lo lote la malipo. Huyo ni Rocky Marciano, mwana wa mhamiaji wa Kiitalia aliyefanya kazi katika kiwanda cha viatu mjini Brockton, Marekani. Alipigana mara 49, akashinda mara 49, na katika mapambano hayo 43 hayakufika mwisho wake, kwa maana mpinzani alikuwa amekwisha lala chini au ameondolewa na mwamuzi. (Alipokuwa bado mpiganaji wa ridhaa alipata kushindwa, lakini hesabu inayotajwa ni ile ya malipo.) Hakuwa mtu mkubwa. Uzito wake ulikuwa ratili 185 hivi, ambao leo usingemwingiza hata katika daraja hilo. Mikono yake ilikuwa mifupi, na wajuzi waliucheka ufundi wake. Alichokuwa nacho ni pumzi isiyokwisha na mkono wa kuume ulioangusha watu.

Tarehe 23 Septemba 1952, mjini Philadelphia, alikutana na bingwa wa wakati ule, Jersey Joe Walcott. Marciano aliangushwa katika raundi ya kwanza. Raundi 12 zikapita, naye yuko nyuma kwa pointi. Katika raundi ya 13 ngumi yake moja ya mkono wa kuume, iliyosafiri shubiri chache tu, ilimpata Walcott kwenye taya. Walcott akaserereka kwenye kamba, akaanguka, asiinuke tena mpaka hesabu ikaisha. Watu wanaoitaja hesabu ya 49 kama kwamba ni ukuta wa mawe huusahau usiku ule. Sifuri ya Marciano ilikuwa imening'inia kwa uzi mmoja. Lau ngumi ile ingepita hewani, angehesabiwa kuwa kijana shujaa aliyeshindwa kwa pointi, ingawa angekuwa mtu yule yule, mwenye mikono ile ile na moyo ule ule.

Alilitetea taji mara sita. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 21 Septemba 1955 mjini New York, ambako Archie Moore alimwangusha katika raundi ya pili, kisha Moore mwenyewe akaangushwa asiweze kuendelea katika raundi ya tisa. Tarehe 27 Aprili 1956 Marciano akatangaza kwamba anaacha ngumi. Alikuwa na miaka 32, akasema ataka kukaa na jamaa yake. Mwaka 1959 alijaribu kurudi mazoezini kwa muda, akaona mwili hautaki, akaacha kabla ya kutia saini mkataba wo wote. Naona siku hizo chache za mwaka 1959 zilimjengea jina lake sawasawa na ushindi wo wote alioupata ulingoni.

Hesabu kama ile ina nguvu ya ajabu, kwa sababu haitaki maelezo. Mtoto aweza kuibeba kinywani akaipeleka hadi kijiji cha pili bila kumwaga hata tone. Ukisema Marciano, unasema 49, umemaliza. Ukisema Muhammad Ali, mshindi mara 56 na mshindwa mara tano, yakupasa ukae chini ueleze: alishindwa na nani, mwaka gani, alikuwa mzima au mgonjwa, na je, alimrudia aliyemshinda? Redio, ambayo baadhi ya wazee wetu waliiita simu ya upepo, na magazeti vilevile, hupenda neno fupi. Hivyo sifuri husafiri mbali, tena husafiri haraka.

Lakini hesabu haisemi ni nani waliopigwa. Joe Louis, aliyeangushwa na Marciano tarehe 26 Oktoba 1951, alikuwa na miaka 37, naye alikuwa amerudi ulingoni kwa sababu ya deni kubwa la kodi. Walcott alikuwa na miaka 38. Moore hakuwa kijana kuliko hao. Aliyelichukua taji lililoachwa wazi, Floyd Patterson, alikuwa na miaka 21 tu alipolitwaa mwezi Novemba 1956, na Marciano hakukutana naye. Si haki kumlaumu mtu kwa kuwapiga watu waliokuwako wakati wake. Na Ezzard Charles, aliyepigwa mara mbili mwaka 1954, alikuwa na umri wa miaka 32 walipokutana mara ya kwanza, na mara ya pili aliipasua pua ya Marciano vibaya hata ikahofiwa kwamba pambano litasimamishwa. Hata hivyo swali la Patterson limebaki palepale. Aondokaye bila kushindwa huondoka na majibu yote ya maswali yatakayoulizwa baadaye.

Tena watu hawakuweza kulivumilia swali hilo. Mwaka 1969 Marciano na Ali, ambaye wakati huo alikuwa amenyang'anywa leseni kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, walikaa studio wakapigwa picha za sinema wakigusana ngumi polepole, huku kompyuta ikitiliwa habari zao zote ili iamue nani angeshinda. Marciano alivaa nywele za bandia kuficha upara. Majuma matatu hivi baadaye, tarehe 31 Agosti 1969, akafa katika ajali ya ndege, kesho yake ingekuwa siku ya kutimiza miaka 46. Sinema ilipoonyeshwa Marekani mwaka 1970, Marciano alishinda kwa kumwangusha Ali katika raundi ya 13. Nakala iliyoonyeshwa Ulaya ilimpa Ali ushindi. Kompyuta ile ile ikawa na majibu mawili, kila nchi ikapewa lile ililolipenda.

Sasa tuwatazame wale walioondoka vizuri, kisha wakarudi. James Jeffries aliacha ngumi mwaka 1905 akiwa bingwa wa dunia asiyepata kushindwa, akaenda kulima. Katika enzi yake alikataa kulitia taji lake hatarini mbele ya mpinzani mweusi, kwa hiyo sifuri yake ilikuwa na ufa tangu mwanzo, ijapokuwa Wazungu wengi wa Marekani hawakutaka kuuona. Jack Johnson, mtu mweusi, alipolitwaa taji mwaka 1908, kelele zilipigwa kumtaka Jeffries arudi ili amnyang'anye. Alikuwa amenenepa mno, ikambidi apunguze mwili kwa miezi mingi. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, Johnson alimpiga mpaka pambano likakomeshwa katika raundi ya 15, na ghasia zikazuka katika miji mingi, watu weusi wakashambuliwa na wengine kuuawa. Miaka mitano Jeffries alikuwa na jina la mtu asiyeshindika. Leo hutajwa hasa kama mtu aliyepigwa na Jack Johnson.

Larry Holmes yeye hakustaafu. Alikuwa ameshinda mara 48 mfululizo alipopanda ulingoni Las Vegas tarehe 21 Septemba 1985, siku ile ile, baada ya miaka 30 kamili, ya pambano la mwisho la Marciano. Jamaa za Marciano walialikwa kuja kutazama hesabu ya 49 ikifikiwa. Holmes akashindwa kwa pointi na Michael Spinks, akatoka kwa hasira na maneno machungu juu ya marehemu, na watu wakamkasirikia kwa muda mrefu. Holmes alikuwa mpiganaji hodari kuliko wengi waliomtangulia, na kama ushindi wake 48 ungekuwa umechanganyika na kushindwa kumoja huko nyuma, usiku ule ungekuwa pambano kama mapambano mengine. Sifuri ilimpandia mabegani.

Mtaniuliza, je, kushindwa kwaweza kumpa mtu jina? Mkoa wa Manyara unalo jibu lake, ingawa si la ngumi. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikwenda Mexico mwaka 1968 kukimbia mbio ndefu za Olimpiki. Njiani alianguka akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha shinda zaidi ya saa moja kabla yake, na jua limekwisha kuchwa, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, akawa wa 57, yaani wa mwisho kati ya waliomaliza. Jibu analosimuliwa kulitoa alipoulizwa kwa nini hakuacha njiani, kwamba nchi yake ilimtuma amalize mbio wala si kuzianza tu, limefika kila pembe ya dunia. Kati ya watu 56 waliomtangulia siku ile, ni wangapi wanaotajwa leo?

Mtasema mbio si ngumi, nami nakubali. Mwenye kuchechemea hapigwi kichwani na mwenzake. Basi tuwatazame Waganda wawili, ijapokuwa hawakuwa wa uzito wa juu. Ayub Kalule, aliyekuwa na makao yake Denmark, alitwaa ubingwa wa dunia nchini Japani mwaka 1979, na hakuwa ameshindwa hata mara moja katika mapambano 36 alipokutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston tarehe 25 Juni 1981. Pambano lilikomeshwa katika raundi ya tisa. John Mugabi naye alikuwa amewaangusha wapinzani wake wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka tarehe 10 Machi 1986 alipomkabili bingwa Marvin Hagler mjini Las Vegas, wakatwangana raundi 11 hata Mugabi akalala chini. Kama Mugabi angeacha ngumi mwezi Februari mwaka ule, angekuwa na rekodi isiyo na doa hata moja, na ni wachache nje ya Uganda ambao wangeikumbuka. Usiku ule alioshindwa ndio uliomfanya ajulikane. Hata alipopata ubingwa wa dunia katika daraja la chini yake mwaka 1989, watu waliendelea kumtaja kwa Hagler. Na kwetu Tanzania, Titus Simba amekumbukwa kwa medali ya fedha ya Edinburgh mwaka 1970, baada ya kushindwa katika fainali na Mwingereza John Conteh, ambaye miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Turudi kwa majitu, na twende Kinshasa. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman alipanda ulingoni akiwa na miaka 25 na mapambano 40 bila kushindwa. Joe Frazier na Ken Norton, watu wawili ambao kila mmoja alikuwa amempiga Ali, Foreman alikuwa amewamaliza wote wawili kwa raundi mbili mbili. Ali akaegemea kamba, akajikinga, akamwacha kijana apige mpaka mikono ikawa mizito kama magogo. Katika raundi ya nane akamwangusha. Kama Foreman angestaafu siku moja kabla, tungekuwa leo na mtu mwenye ushindi 40 na sifuri safi, na watu wangebishana hata kesho kama Ali angemweza. Badala yake alipotea, akaacha ngumi mwaka 1977, akarudi baada ya miaka kumi akiwa mnene na mwenye kucheka, na tarehe 5 Novemba 1994, mwenye umri wa miaka 45, akamwangusha Michael Moorer akawa bingwa wa dunia tena. Siku hiyo alivaa kaptura ile ile aliyovaa Kinshasa. Bila Kinshasa kaptura ile ingekuwa kitambaa tu.

Vivyo hivyo Joe Louis: Max Schmeling wa Ujerumani alimwangusha mwaka 1936, na ndiyo sababu dunia nzima ilikaa karibu na redio tarehe 22 Juni 1938, Louis alipomrudia akammaliza katika raundi ya kwanza. Kisasi hakiwezi kuwako pasipo deni.

Hivyo maoni yangu ni haya. Kustaafu bila kushindwa hulilinda jina, hakulikuzi. Ni kama kulitia jina sandukuni na kufunga kufuli: halitaibiwa, halitaoza, wala halitazaa. Jina hubaki na ukubwa ule ule liliokuwa nao siku ya kufungwa, na ukubwa huo hupimwa kwa watu waliopigwa na hali waliyokuwa nayo walipopigwa. Aliyewapiga wakubwa wa wakati wake kisha akafunga sanduku, amefanya vema sana. Aliyewakwepa kisha akafunga, hatimaye watu watalifungua sanduku lake na kuangalia ndani.

Tena jina la mpiganaji haliishii ulingoni. Idi Amin Dada alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika miaka ya 1950, mtu mkubwa wa mwili aliyeogopwa na wapinzani wake. Mwaka 1978, majeshi yake yalipokuwa yameingia Kagera, alitangaza kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, Muhammad Ali awe mwamuzi. Leo hakuna anayeuliza Amin alishinda mapambano mangapi.

Lakini lipo jambo kubwa kuliko jina, nalo ni mwili wa mtu mwenyewe. Waswahili wana methali isemayo, asiyekubali kushindwa si mshindani. Na kwa desturi huisema kumfundisha mchezaji adabu. Katika ngumi methali hii ina maana nzito zaidi. Robert Wangila, Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika ngumi, mjini Seoul mwaka 1988, alipigana Las Vegas mwezi Julai 1994. Mwamuzi alipolisimamisha pambano Wangila alilalamika kwamba angali na nguvu. Muda mfupi baadaye akazimia, na baada ya siku mbili hivi akafa, kijana wa miaka ishirini na kitu. Ubongo hauna sauti ya kusema umechoka. Ukipigwa hutikisika ndani ya fuvu, mishipa midogo hukatika, na damu yaweza kuvuja taratibu huku mtu angali amesimama akizungumza na kulalamika. Madhara mengine hayaonekani kwa miaka kumi au ishirini. Mpiganaji wa uzito wa juu hupokea mapigo mazito kuliko wote, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyochelewa kuyakwepa. Nguvu ya kupiga hukaa mwilini muda mrefu kuliko wepesi wa macho na miguu. Kwa hiyo mzee wa ulingoni hudhani bado ni yeye, kwa maana mkono wake bado unauma.

Muhammad Ali alikuwa ametangaza kustaafu mwaka 1979, akiwa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Mwezi Februari 1980 alishuka Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Carter wa Marekani, akitaka kuishawishi Tanzania isipeleke wanamichezo wake katika Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. Kwa upande wa ujumbe, safari ile haikufaulu. Lakini kwa upande wa ngumi, yule aliyeshuka Dar es Salaam alikuwa mtu aliyekwisha kuvuka salama: miaka 38, taji ameliacha kwa hiari yake, na wote waliopata kumshinda mpaka siku ile, yaani Frazier, Norton na Leon Spinks, alikuwa amekwisha kuwarudia akawashinda. Hakuwa na sifuri, lakini hakuwa na deni kwa mtu ye yote. Kwa maoni yangu hilo ni bora kuliko sifuri.

Naye hakutulia. Tarehe 2 Oktoba 1980 alirudi ulingoni kupambana na Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa akimsaidia mazoezini. Raundi kumi zikapita bila Ali kupata kitu, na watu wa upande wake wakamzuia asitoke kwa raundi ya 11. Tarehe 11 Desemba 1981, huko Bahamas, alishindwa tena, kwa pointi, na Trevor Berbick, baada ya raundi nyingine kumi. Mwaka 1984 dunia ikajua kwamba ana ugonjwa wa kutetemeka. Alikufa tarehe 3 Juni 2016. Hakuna awezaye kupima ni kiasi gani cha ugonjwa ule kililetwa na ngumi, lakini raundi zile 20 za mwisho hazikumwongezea kitu, wala jina wala afya. Jina lake lilistahimili. Ulimi wake, uliokuwa mwepesi kuliko mikono yake, haukustahimili.

Kwa hiyo bingwa anayejiuliza kama aondoke na sifuri yake, naona ajiulize maswali mawili. La kwanza: je, yuko mtu niliyemkwepa? Akiwapo, akapigane naye kwanza, hata kama atashindwa. La pili: je, ninayetaka kupigana naye kesho ataniongezea nini ambacho sina? Mameneja na wenye mapromosheni hawaulizi swali hili la pili, kwa kuwa jibu lao wamekwisha kulihesabu kwa dola.

Mfano wa siku zetu ni Oleksandr Usyk wa Ukraine. Mwaka 2018 alitwaa mikanda yote minne ya daraja lililo chini ya uzito wa juu, kisha akapanda kwa majitu. Anthony Joshua alimshinda mara mbili, mwaka 2021 na 2022. Tyson Fury, mtu wa zaidi ya kilo 115, alimshinda mara mbili mwaka 2024 mjini Riyadh. Daniel Dubois alimshinda mwaka 2023, na tena tarehe 19 Julai 2025 mjini London, mbele ya watu wa Dubois mwenyewe. Hakuna hata moja kati ya mapambano hayo sita lililofanyika nchini kwake Ukraine. London mara mbili, Jeddah, Wrocław, Riyadh mara mbili. Hesabu yake baada ya usiku ule wa Julai ilikuwa ushindi 24 bila kushindwa. Wapenda hesabu watasema 24 si kitu mbele ya 49. Mimi nasema kwamba watu watatu wakubwa wa wakati wake aliwaita wote, akawapiga, akawapa nafasi ya kurudi, akawapiga tena. Na kwa mizani yangu 24 hizo ni nzito. Swali lake la kwanza alikuwa amelijibu. Limebaki la pili, na usiku ule wa Julai 2025 alikuwa na miaka 38, umri ule ule aliokuwa nao Ali aliposhuka Dar es Salaam.